Je, Wajua? Chini ya Jivu Kuna Moto

Je, wajua kwamba kaa la moto lililofukiwa vizuri jivuni baada ya chakula cha usiku hukutwa alfajiri lingali jekundu, na kwamba ndani ya rundo kubwa la jivu linaweza kuhifadhi moto hata siku nne? Katika nchi za baridi, ambako watu wengi hupasha nyumba zao joto kwa majiko ya chuma yanayokula kuni, vikosi vya zimamoto hurudia onyo lilelile kila mwaka: jivu litiwe kwenye chombo cha bati chenye kifuniko, kiwekwe nje mbali na ukuta, kisha kiachwe siku kadhaa kabla ya kumwagwa. Kuna nyumba zilizoteketea kwa jivu lililoonekana limepoa kabisa, likatiwa kwenye ndoo ya plastiki au mfuko wa karatasi na kuachwa barazani.

Siri yake ni hewa. Kaa ni kaboni karibu tupu, na kaboni haiungui bila oksijeni. Likiwa wazi, hewa hulipiga pande zote, nalo hung'aa na kuisha upesi. Likifukiwa, hewa hulifikia kwa kupenya kidogo kidogo katikati ya chembe za jivu, nalo huungua kwa kujinyima. Papo hapo jivu halipitishi joto kwa urahisi, kwa kuwa limejaa vijishimo vya hewa iliyotulia, na hilo joto dogo linalozalishwa halina pa kukimbilia. Kwa hiyo kaa hubaki na joto la kulitosha kuendelea kuwaka, bila kupata hewa ya kulitosha kumalizika.

Mabibi waliolea moto wa mafiga walikuwa na mkono wa kazi hiyo. Makaa hukusanywa yagusane, kwa sababu kaa lililo peke yake hupoteza joto kila upande na kufa, ilhali yaliyo pamoja hupashana. Huchaguliwa makubwa, ya mti mgumu, kwani kuni laini huacha makaa mepesi yasiyofika usiku wa manane. Jivu la jana, kavu na laini, humwagwa juu mpaka wekundu usionekane popote. Alfajiri jivu huvutwa kando kwa kijiti, hutupiwa nyuzi kavu za makumbi ya nazi au manyasi, hupulizwa kwa pumzi ndefu, na moto hushika bila kiberiti. Kiberiti chenyewe ni mgeni wa juzi tu: cha kukwaruza kilianza kuuzwa mwaka 1827 katika duka la dawa la John Walker, mjini Stockton-on-Tees, Uingereza. Kabla ya hapo, nyumba iliyoamka na jiko lililozimika ilikuwa na kazi ngumu mbele yake.

Dawa ya haraka ilikuwa ni kwenda kwa jirani kuomba moto. Mtoto hutumwa na kigae cha chungu kilichovunjika, hutandikwa jivu ndani yake ili kigae kisimchome mkono, kaa huwekwa katikati, na jivu kidogo tena juu yake ili kaa lisiishe njiani. Desturi hii ina umri mkubwa kuliko vyungu vya leo. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ambaye watafiti humwita Ötzi. Miongoni mwa vitu vyake mlikuwa na vyombo viwili vya gome la mti, na katika kimojawapo majani ya mti na vipande vya mkaa. Watafiti wanaamini kwamba alikuwa akisafiri na makaa ya moto yaliyofungwa kwenye majani mabichi.

Je, wajua kwamba kuna moto ambao uhai wake huenda pamoja na uhai wa mfalme? Kwenye lango la jumba la Lubiri, Mengo, huwaka moto uitwao Gombolola, usiku na mchana, muda wote Kabaka wa Buganda anapokuwa hai. Akifariki, huzimwa. Ndiyo maana Waganda hawatangazi kwamba Kabaka amekufa. Husema moto wa Buganda umezimika. Na kule Namibia, Waherero na Wahimba wana okuruuo, moto mtakatifu wa ukoo uliopo kati ya nyumba kuu na zizi la ng'ombe. Mbele ya moto huo mzee huzungumza na waliotangulia. Si lazima miali ionekane kila saa. Kaa likihifadhiwa, moto uko hai, na mwali huweza kuamshwa unapohitajika. Nikitazama desturi hizi mbili naona heshima kubwa kwa kazi ambayo jikoni huonekana ndogo, kazi ya kuhakikisha tu kwamba kaa halifi.

Lakini kaa lililodhaniwa salama limeharibu mengi pia. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, moto ulianza nyumbani kwa mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane, London. Farriner alishikilia kwamba kabla ya kulala alikagua sehemu zote za moto nyumbani mwake na kuyakusanya makaa vizuri. Hata hivyo upepo ulikuwa mkali, nyumba zilikuwa za mbao na zimebanana, na kwa siku nne mji uliwaka. Zaidi ya nyumba 13,000 ziliteketea, makanisa ya mitaa 87, na kanisa kuu la St Paul's. Enzi za kale miji mingi ya Ulaya ilipiga kengele kila jioni kuwaambia watu wafunike moto, na ziliuzwa kawa za chuma au udongo za kufunikia makaa yaliyosogezwa ukutani mwa meko. Miji ya mbao ilikuwa na sababu ya kuogopa.

Je, wajua kwamba kuni na mkaa hutaka jivu kwa namna mbili zinazopingana? Mkaa hupenda hewa ipande kutoka chini. Ndiyo maana jiko la mkaa lina kisahani chenye matundu, na chini yake chumba cha jivu chenye kimlango. Jivu likijaa mpaka kuziba matundu, moto hudhoofika hata kama mkaa ungali mwingi, na mpishi asiyejua huongeza mkaa badala ya kuchokonoa jivu. Kuni ni kinyume. Katika majiko ya chuma ya kuni, moto hushika vizuri zaidi kuni zikilazwa juu ya kitanda cha jivu cha sentimita 2 au 3, hewa ikiingia kwa juu. Kitanda hicho hurudisha joto kwenye kuni, huzuia sakafu ya jiko isipasuke, na huyahifadhi makaa ya kuwashia kuni zinazofuata. Anayesafisha jiko la kuni hadi ling'ae, kisha akashangaa moto unasuasua, amejiondolea mwenyewe msaidizi wake.

Jiko lenye kiuno chembamba, la bati nje na udongo wa kuchoma ndani, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, lilitengenezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuazima wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa jua kali ndio waliolisambaza. Udongo wa ndani hushikilia joto, bati hulinda udongo, na kimlango cha chini humpa mpishi usukani: kikifunguliwa kaa hupamba moto, kikifungwa hutulia. Mchele ukishakauka maji, wapishi wengi huwa wamekwisha kukifunga. Baadhi hunyunyiza na jivu kidogo juu ya makaa, na kwa kitendo hicho kimoja hupunguza hewa na joto kwa pamoja. Wali hubaki ukijipika bila ukoko kuungua.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo kila msimu wa baridi huondoa watu duniani. Tazama kwa makini jiko la mkaa linaloanza kushika usiku wenye giza. Juu ya makaa utaona vimiali vya buluu, vyembamba, vinavyocheza na kupotea. Hiyo ni gesi ya kaboni monoksaidi ikiungua. Huzaliwa pale kaboni inapoungua bila hewa ya kutosha, na ikikutana na hewa ingali na joto kali, huwaka kwa rangi hiyo na kugeuka kaboni dayoksaidi. Mwali wa buluu ukionekana, gesi ile inaunguzwa. Usipoonekana, makaa yakiwa yamefifia na kuvikwa jivu, gesi hutoka nzima nzima na kuingia chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo wala macho.

Ndani ya damu, himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, na kaboni monoksaidi huishikilia himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hewa yenye gesi hiyo kidogo tu hujaza damu taratibu. Mtu huanza kuumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi na miguu mizito. Aliyelala hahisi chochote. Baadhi ya wanaokufa hivi ni watu waangalifu waliosubiri moshi uishe nje ndipo wakaingiza jiko ndani ili watoto wapate joto, wakafunga madirisha na kulala. Walifuata kanuni waliyofundishwa, kwamba hatari ni moshi. Kumbe jiko lisilotoa moshi, lenye makaa yaliyotulia chini ya jivu, ndilo la kuogopwa zaidi katika chumba kilichofungwa. Huko Arusha, Mbeya, Njombe, Limuru au Kabale, ambako usiku hukata mifupa, jambo hili lifundishwe watoto pamoja na kuvuka barabara. Jiko lilale nje. Na mtu akikutwa amelegea chumbani mwenye jiko, kwanza avutwe nje kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Turudi jikoni. Je, wajua kwamba tanuri la kuoka la pwani lilikuwa ni sufuria, bati, na akili ya kugawa makaa? Tazama mkate wa kumimina unavyookwa kwa mkaa. Uji mzito wa mchele uliosagwa na tui, wenye sukari, iliki na hamira, umekwisha kuumuka. Sufuria imepakwa mafuta na kupashwa moto. Mkate ukimiminwa, makaa ya chini hupunguzwa mpaka yabaki machache yaliyotawanywa pembeni, na sufuria hufunikwa kwa bati au sinia ya chuma, kisha makaa mengi hupaliwa juu yake. Uwiano huo una sababu. Joto la chini hugusa sufuria moja kwa moja na hewa yake ya moto hupanda, kwa hiyo kaa moja la chini hufanya kazi ya makaa kadhaa ya juu. Joto la juu halina njia ya kushuka isipokuwa kupitia bati lenyewe, ambalo huwa la moto na kuurushia uso wa mkate joto lake. Dakika chache zikipita, makaa ya juu huvaa jivu jeupe, na mpishi mwenye uzoefu huyapepea au kuyagongagonga kwa koleo lidondoke, kwa maana jivu hilo hukinga joto lisishuke. Akilegea, uso wa mkate hubaki mweupe na mbichi wakati chini kumeshaungua. Akifunua, hufunua bati kwa kulinyanyua wima, bila kuliinamisha, jivu lisije likaingia mkateni. Ukiona uso wa rangi ya dhahabu wenye vitundu vidogo vidogo, hakuna saa iliyopima hapo wala kipimajoto.

Viazi vitamu, mihogo na ndizi vinavyovumbikwa kwenye jivu la moto huiva kwa kanuni hiyohiyo, kwa upole zaidi. Jivu husambaza joto la makaa kila upande na kulizuia lisiunguze ganda. Huko Border Cave, pango lililoko Afrika Kusini karibu na mpaka wa Eswatini, watafiti walitangaza mwaka 2020 kwamba wamepata mabaki ya mizizi ya mmea wa porini iliyopikwa motoni miaka 170,000 hivi iliyopita. Pango hilohilo lilitoa jambo jingine linalonigusa zaidi: vitanda vya majani vya miaka 200,000, vilivyotandikwa juu ya tabaka za jivu. Watafiti wanadhani jivu liliwekwa kwa makusudi kuzuia wadudu watambaao wasiwasumbue waliolala. Na katika pango jingine la Afrika Kusini, Wonderwerk, jivu la mimea na mifupa iliyoungua, lililopatikana mita 30 hivi ndani ya pango, lina umri wa miaka milioni moja.

Je, wajua kwamba udi ule ule unaofukizwa Zanzibar, Mombasa na Muscat hufukizwa pia Japani, na kwamba pande zote mbili jivu ndilo linaloamua harufu? Udi ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki uliougua na kujaza utomvu wenye manukato. Ukiuweka juu ya kaa lililo wazi, linalowaka kwa hasira, huungua kabla haujanukia, na chumba hupata harufu ya kuni. Kwa hiyo mtu anayejua kazi yake hutandika jivu ndani ya chetezo kwanza, ili udongo usipasuke na kaa lisimalizike haraka. Huacha kaa livae jivu, ndipo huweka kipande cha udi pembeni mwake. Moshi hupanda mwembamba, wa rangi ya samawati, na nguo hunukia mpaka kesho. Wajapani wamefika mbali zaidi katika sanaa yao iitwayo kodo. Kaa huzikwa kabisa katika jivu jeupe laini lililochongwa kuwa kilima kidogo, hutobolewa kitundu cha kupitishia joto, na juu yake huwekwa kibamba chembamba cha madini ya ulanga, kisha kijipande kidogo sana cha udi. Udi hauungui, hupashwa tu. Katika sherehe zao za chai pia, jivu huchekechwa na kutunzwa kwa miaka mingi kama mali ya nyumba.

Kuhusu wanaotembea juu ya makaa kwa miguu mitupu, maelezo ni mafupi kuliko watu wanavyotaka. Kaa ni jepesi, lina joto kali lakini halina joto jingi la kutoa, na hupitisha joto polepole. Jivu lililolivika huongeza kinga, na unyayo hugusa kwa muda mfupi mno. Mwaka 1935, Kuda Bux kutoka Kashmir alifanya hivyo huko Carshalton, Uingereza, mbele ya wachunguzi, na nyayo zake hazikupata madhara. Anayesimama, au anayekanyaga kipande cha chuma kilicholala kati ya makaa hayo, huungua mara moja. Hili si jambo la kujaribiwa nyumbani.

Je, wajua jivu lenyewe ni nini? Ni kile ambacho mti ulikichota kutoka ardhini. Sehemu kubwa ya mti, yaani kaboni, hidrojeni na oksijeni, ilitoka hewani na majini, na moto hauirudishi kwetu, huipeleka hewani. Kilo 100 za kuni kavu zikiungua vizuri huacha jivu la kilo 1 tu hivi, wakati mwingine pungufu, ingawa magome huacha zaidi. Humo mna kalsiamu kwa wingi, potasiamu, magnesiamu na fosforasi kidogo. Naitrojeni haimo, maana imeondoka na moshi.

Jivu likitiwa maji, potasiamu huyeyuka na maji yakawa makali, yenye utelezi yakiguswa. Watu wa mabara yote waligundua nguvu hiyo. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huchoma maganda na mashina makavu ya maharage, hulichuja jivu kwa maji, na kupata musherekha, chumvi ya kienyeji inayolainisha mrenda, kunde na mboga nyingine ngumu. Ghana na Nigeria, jivu la maganda ya ndizi na ya kakao hukutanishwa na mafuta na kuwa sabuni nyeusi. Wenyeji wa Amerika walichemsha mahindi kwa maji ya jivu au chokaa, maganda yakatoka na vitamini iliyofungwa ndani ya mahindi ikafunguka. Wazungu waliopokea mahindi bila kupokea mapishi hayo waliugua pelagra, ugonjwa wa kuikosa vitamini hiyo, kwa vizazi. Mtawa Theophilus, aliyeandika juu ya kazi za ufundi karne ya 12, aliagiza mafungu mawili ya jivu la mti kwa fungu moja la mchanga ili kupata kioo. Na hataza ya kwanza kabisa kutolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ikiwa na saini ya Rais George Washington, haikuwa ya mashine: ilikuwa ya Samuel Hopkins, kwa njia yake mpya ya kutengeneza chumvi ya jivu.

Wakalenjin, kwa upande wao, hutumia mkaa badala ya jivu. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, na ncha yake yenye kaa husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kutiwa ili kugandishwa kuwa mursik. Ndiyo sababu ya ile rangi ya kijivu na harufu ya moshi ambayo wenyewe wakiikosa ugenini huisikitikia.

Nguvu hiyohiyo ya maji ya jivu ndiyo inayosugua sufuria. Jivu likichanganyika na mafuta yaliyogandia chomboni hufanya sabuni papo hapo, na chembe zake hukwangua masizi. Kwa chuma na udongo ni jambo zuri. Kwa sufuria za alumini tahadhari inahitajika, kwa sababu maji ya jivu yaliyokaa hula alumini; sugua, suuza, usiloweke. Mpishi wa kuni aliye makini hupaka tope la jivu chini ya sufuria kabla ya kuinjika, na baada ya kupika masizi hutoka kwa maji tu. Ngozi nayo haivumilii: jivu bichi likilowana mkononi kwa muda huunguza, na likiingia jichoni lioshwe kwa maji mengi bila kungoja.

Ghalani, jivu huokoa maharage na kunde. Likichekechwa, likiwa kavu na limepoa kabisa, huchanganywa navyo mpaka lijaze nafasi kati ya punje. Wadudu hushindwa kupita na kukutana, na chembe zake hukwaruza nta inayofunika miili yao, wakapoteza maji na kufa. Linatakiwa liwe jingi. Konzi moja kwenye gunia ni kujidanganya. Chooni, konzi moja baada ya matumizi hukausha na kupunguza harufu na nzi.

Shambani ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Jivu hupunguza ukali wa udongo wenye asidi na kuupa potasiamu, hivyo migomba na mboga nyingi hulifurahia kwenye ardhi ya namna hiyo. Lakini chai, kama ile ya Mufindi na Kericho, hutaka udongo wenye asidi, na jivu huiharibia. Viazi mviringo vikipewa jivu jingi hupata ukurutu maganda yake. Na jivu lisichanganywe na mbolea ya urea wala samadi mbichi kwa pamoja, kwa sababu hufukuza naitrojeni hewani ikiwa gesi ya amonia. Ile harufu kali inayowasha pua ni mbolea yako ikiondoka. Weka kimoja leo, kingine baada ya wiki kadhaa.

Jivu la volkano ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa halikuungua: ni mwamba uliopasuliwa na gesi kuwa vumbi. Ila Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamaasai ulio kaskazini mwa Tanzania, una lava isiyo na mfano duniani leo, iliyojaa magadi. Hutoka nyeusi, ikiwa na joto la chini ya nyuzi 600, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Magadi hayo yana ukali wa aina moja na ule wa jivu la jikoni.

Kuna jivu moja lisilofaa popote. Nguzo za umeme, na mbao nyingi za uzio, hutiwa dawa za kuzuia mchwa na kuoza, na baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vya nguzo zilizong'olewa wakati mwingine huonekana mtaani vikipasuliwa kuwa kuni, kwa kuwa ni vikavu na hushika moto vizuri. Moto hauiondoi aseniki. Nyingine hupanda na moshi unaovutwa na mpishi, na iliyobaki hujikusanya jivuni, ikiwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa ndani ya mti. Jivu hilo halisugui sufuria, haliendi kwenye maharage, halimwagwi bustanini wala mahali kuku wanapoparua. Kuni za namna hiyo zisiwashwe kamwe, na anayeziuza aambiwe.